Tuliogopa Kumchuria Baba

Baba yangu alipogunduliwa kuwa na saratani ya koo la chakula, tulikaa vikao vitatu vya familia, viwili Muheza na kimoja Tanga mjini, na katika vyote hivyo yeye mwenyewe hakuwapo. Wadogo zangu walitaka tuuze shamba la michungwa tumpeleke India. Baba mdogo alitaka arudishwe nyumbani akasomewe. Nami, kifungua mimba na binti pekee, nilikuwa nikikubaliana na kila aliyezungumza mwisho. Kilichotufunga midomo mbele ya mgonjwa ni kuogopa uchuro, kwa kuwa tulilelewa tukiamini kwamba kumtajia mtu kifo angali hai ni kukiita.

Hospitali haikutusaidia sana katika hilo. Daktari mmoja alitueleza kwenye korido, huku amesimama, kwamba ugonjwa umeshafika kwenye ini na kwamba hakuna la kufanya. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba la kuponya ndilo halikuwapo, ilhali ya kufanya yalikuwa mengi. Kwa mfano, baba angeweza kuwekewa kijibomba cha kupanua koo ili uji upite, jambo ambalo haliondoi saratani lakini humpunguzia mtu adha ya kushindwa kumeza hata mate.

Aliyetufumbua macho ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona. Alitusikiliza tukibishana, kisha akauliza, "Na mzee mwenyewe anasemaje?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Jioni ile nilikaa kitandani kwa baba nikamwambia, "Baba, maradhi haya yametuzidi nguvu. Ungependa tukufanyie nini, na nini hutaki?" Nakushauri uulize sehemu zote mbili, kwa sababu mzee anayeona haya kuomba huwa mwepesi kueleza asichokitaka. Baba alisema kwamba India hataki, shamba lisiuzwe, kijibomba akiwekewe, na asirudishwe tena wodini akizidiwa. Alitaka azikwe siku hiyohiyo atakayofariki, kando ya mama yake. Kisha akataja deni la dawa za kunyunyizia michungwa ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijua. Katika sheria ya Kiislamu deni hulipwa kabla ya wosia na kabla ya mirathi, na kumbe ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi kuliko saratani. Tulipoteza miezi miwili tukimficha jambo alilolijua tangu siku ugali ulipomkwama.

Morfini nayo ilinitisha, kwa maana mtaani kwetu jina hilo husikika pamoja na habari za vijana walioharibiwa na unga. Muuguzi alinieleza kwamba morfini ya kunywa hutengenezwa kwa kukoroga poda yake katika maji, na kwamba njia hiyo ilienezwa na hospisi, yaani kituo cha tiba shufaa, aliyoianzisha Dk. Anne Merriman mjini Kampala mwaka 1993. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu hata wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Kipimo hupangwa na mtaalamu, lakini saa zilikuwa mikononi mwangu: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku dozi maradufu ili asiamshwe na maumivu kabla ya alfajiri. Kosa langu la wiki ya kwanza lilikuwa kusubiri mpaka agune. Maumivu yakishapanda ni kazi kuyashusha, hivyo dawa hutolewa kwa saa, hata mgonjwa akiwa anacheka. Siku mbili za mwanzo alisinzia sana, tukadhani tumemmaliza. Siku ya tatu aliomba redio. Omba pia dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile ya morfini, maana sisi tulichelewa na baba akateseka bure.

Siku za mwisho aligoma kula. Mama alilia kwamba tunamwacha afe kwa njaa, akajaribu kumnywesha uji kwa kijiko, naye akapaliwa vibaya. Muuguzi alimweleza mama kwa upole kwamba mwili unaofikia ukingoni huacha kutaka chakula, na kwamba kumlazimisha ni kumuumiza. Mama alipewa kitambaa safi cha kumlowanishia midomo, na kazi hiyo hakumwachia mtu mwingine. Sisi tulimgeuza ubavu kila baada ya saa mbili asipate vidonda, na kitanda tukakielekeza kibla, ambacho kwetu ni kaskazini.

Mimi sikwenda makaburini, ila niliambiwa kwamba mdogo wangu alipotangaza kuwa mwenye kumdai marehemu ajitokeze, mwenye duka la pembejeo alisimama akasema amekwisha kulipwa, wiki mbili nyuma, kwa mkono wa mzee mwenyewe.