Kidude cheupe cha manyoya jangwani Arizona: si sisimizi, ni nyigu

Mkuu, umeuliza hicho kidude cheupe chenye manyoya kilichokimbia mchangani Arizona ni sisimizi gani, na kama mtu anaweza kukishika. Usikishike. Kwa ulivyoeleza, huyo ni Dasymutilla gloriosa, nyigu wa jamii ya Mutillidae. Anayekimbia chini bila mabawa ni jike. Dume anaruka, na hana mwiba.

Naishi jangwa la Sonora, linalofika hadi Arizona, na namkuta wakati wa joto, asubuhi au jua likipungua. Hatulii kabisa. Mbio, anasimama, anapapasa mchanga kwa papasi, anageuza njia. Anatafuta viota vya nyigu wachimba mchanga. Akikipata anafukua, anaingia na kutaga yai juu ya mtoto wa mwenye kiota. Buu likianguliwa linamtafuna huyo mwenyeji mpaka aishe. Yeye mwenyewe hana malkia wala kundi, kwa hiyo kumwona mmoja si dalili ya jeshi lililojificha.

Kuhusu weupe, utasikia sana kwamba anaigiza mbegu za kichaka cha kreosoti, ambazo nazo zina manyoya meupe. Hata mimi zimenichanganya. Lakini utafiti uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba nyigu hawa walikuwa weupe tangu kabla kreosoti haijafika Amerika ya Kaskazini, na kwamba manyoya hayo yanarudisha mwanga na kupunguza joto mwilini. Kwa mdudu anayetembea juu ya mchanga ule, mimi naona hoja ya joto ina uzito zaidi.

Sasa mwiba. Ni mrefu mno kwa mwili ule na anaupinda huku na huku, kwa hiyo hakuna pa kumshika salama. Justin Schmidt, mtaalamu aliyepima maumivu ya kudungwa na wadudu, alimpa Dasymutilla klugii, ndugu wa nyigu huyu, alama 3 za maumivu kati ya 4. Kabla ya kudunga, gloriosa huwa anaonya: nilipomfunika kwa chupa ya kioo alitoa mlio mwembamba wa kukwaruza, anaoutoa kwa kusugua pingili za tumbo. Kumkanyaga nako ni kazi bure, gamba lake ni gumu ajabu na mchanga unabonyea.

Ukitaka picha, mfunike kwa chupa, piga picha, mwachie. Usitembee pekupeku. Akikudunga, osha na uweke barafu. Ukivimba uso au kupumua kwa shida, kimbilia hospitali.