Neema Yenye Umbo la Mkate

Mama yangu alipoanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa sababu figo zake zilishindwa kufanya kazi, kila kipindi kikichukua karibu saa nne, waumini wenzangu walinipa maneno mengi mema, lakini kilichonishika kweli ni sura ya 19 ya Wafalme wa Kwanza. Humo nabii Eliya, akimkimbia malkia Yezebeli aliyetaka kumuua, anaketi jangwani chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. Malaika hamkemei kwa uhaba wa imani, wala hamwelezi sababu ya mateso yake. Anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anamwamsha ale mara ya pili, kwa kuwa safari iliyo mbele yake ni kubwa mno.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa aliyelemewa ni kwamba aipokee neema hata inapokuja kama chakula na usingizi. Kwetu ililetwa na akina mama wa jumuiya, waliopeana zamu za kukaa na mgonjwa hospitalini ili mimi nipumzike, na mmoja wao akawa analeta uji bila kuulizwa. Ukiulizwa usaidiwe nini, usijibu "niombeeni tu" ilhali huna nauli ya kesho. Taja nauli, kisha omba na maombi.

Katika sala pia usijipambe. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Bwana "hata lini", na ile ya 88 inaishia gizani bila kugeukia shukrani, nayo imo katika Maandiko kama zilivyo nyingine. Mtume Paulo aliomba mara tatu "mwiba" wake, yaani taabu ya mwilini iliyomsumbua, uondolewe, haukuondolewa, bali aliambiwa, "Neema yangu yakutosha." Ndiyo maana siwaamini wahubiri (na siku hizi ni wengi) wanaomwambia mgonjwa aache matibabu ili kuthibitisha imani yake, kana kwamba Mungu hawezi kufanya kazi kupitia mashine na mikono ya muuguzi.

Ikiwa unamuuguza mtu sasa, andika kwenye karatasi mambo matatu unayoyahitaji wiki hii, hata kama moja ni kufuliwa nguo tu, umkabidhi kiongozi wa jumuiya yako kabla ya Jumapili.