Damu yake mwenyewe kuziba tundu la sikio

Dada wa Mikindani uliyeuliza kama damu ya mwanao inaweza kuziba ngoma ya sikio iliyotoboka miaka mingi: inasaidia, ila haitiwi damu yenyewe. Huchotwa kidogo mkononi, ikazungushwa kwenye mashine hadi ipatikane plazima (maji ya damu) yenye chembe sahani nyingi, zile zinazogandisha damu na kuchochea nyama kuota. Tundu likikaa zaidi ya miezi 3, aghalabu plazima hiyo hupakwa pamoja na kiraka kinachowekwa kwa upasuaji.

Lakini umesema linatoa usaha! Hapo kwanza sikio likaushwe. Tafadhali dada, usimtie mafuta ya nazi, na asipige mbizi baharini. Akioga, ziba kwa pamba yenye vaselini. Anzia Hospitali ya Ligula, Mtwara, uombe rufaa kwa daktari wa masikio.