Usisikilize kaseti ya zamani peke yako

Wadogo zangu wa Mtwara na Lindi huniuliza waanzie wapi wakitaka kusikiliza vipindi vya redio vya zamani kuhusu waandishi wanawake, haki za wanawake na maisha ya mama zetu. Kabla ya kutafuta kipindi, tafuta mtu wa kusikiliza naye, na awe mwanamke aliyekuzidi umri sana.

Mimi husikiliza na kina bibi hapa Mikindani, alasiri, shughuli zikipungua. Tukiweka kipindi kinachogusa kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, ni nadra tufike mwisho. Kampeni ile iliendeshwa kwa redio: wanavijiji walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Inakadiriwa watu milioni 2 nchini walishiriki. Mtangazaji anaeleza mbu na maji safi. Bibi ananiambia nisimamishe, anaeleza nani aliteka hayo maji, nani alibaki na watoto kikundi kilipokutana, mwanamke gani alisimama akasema mbele ya wanaume. Hayo hayamo kwenye kaseti yoyote. Kwa hiyo weka simu ya pili irekodi mazungumzo yenu, na uwaombe ruhusa kwanza.

Uliza majina. Vipindi vingi vilimtaja kiongozi kwa jina na cheo, mkulima akabaki "mama mmoja wa Newala". Pengine bibi anaitambua ile sauti.

Kisha tazama tarehe. Bibi Titi Mohamed aliwakusanya wanawake kwa TANU miaka ya 1950, akakamatwa 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972. Ukisikia simulizi ya uhuru iliyorekodiwa miaka hiyo, jiulize ni nani hakutajwa.

Usikubali kila kinachosemwa studio. Kipindi kikisema mwanamke wa zamani hakuwa na kauli kabisa, kina bibi wa Kimakonde na Kimwera hubisha, maana huku ukoo ulifuata upande wa mama. Mwingine naye hukumbusha kwamba mwenye neno la mwisho mara nyingi alikuwa mjomba. Ubishi huo naupenda kuliko kipindi chenyewe. Tulipozungumzia Nguzo Mama, tamthilia ya Penina Muhando ya 1982 ambamo wanawake wa kijiji wanahangaika kuisimamisha nguzo yao, walibishana mpaka magharibi juu ya nani aliyewakwamisha.

Kaseti za nyumbani ziokoeni sasa. Unyevu wa pwani yetu huziotesha ukungu na kulegeza utepe. Virginia Woolf, mwandishi mwanamke wa Uingereza, alizungumza BBC, shirika lenye fedha na maghala, lakini rekodi pekee ya sauti yake iliyobaki ni ya 1937, tena ni kipande. Mwana Kupona, mshairi wetu wa Kiswahili aliyetunga utenzi wake 1858, hatutamsikia kamwe. Sauti za bibi zetu zimo kwenye mifuko ya rambo chini ya vitanda.

Vunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki ukingoni mwa kaseti ili mtu asirekodi juu yake. Ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe taratibu kabla ya kuicheza. Kaseti yenye ukungu usiitie kwenye redio. Mpelekee fundi anayezijua. Ukihamishia kwenye kompyuta, hifadhi faili la WAV, kilohezi 48 na biti 24, ndipo utengeneze MP3 ya kutuma WhatsApp. Jina la faili liwe na mwaka, mahali na msemaji.

Jambo moja nalisisitiza sana. Kina bibi wakichangamka huimba nyimbo za unyago, na nyingine hazikutungwa kwa masikio ya kila mtu. Hizo usizirushe mtandaoni hata kama walikuruhusu kurekodi mazungumzo. Rudi kwa aliyeimba, mchezee alichokiimba, muulize nani anaruhusiwa kukisikia. Akisema kifutwe, kifute akiwa anaona, pamoja na nakala uliyoiweka kwenye memori kadi.