Pikipiki ya njia za vumbi kwa pesa kidogo

Ndugu yangu, umeuliza utapataje pikipiki iliyotumika ya kupandia milima ya Kwale na mfuko wako mdogo. Hapa Mombasa mimi huanza na kutu, maana hewa ya chumvi haina huruma. Inama, tazama fremu kwa chini, hasa palipochomelewa. Rangi mpya hapo tu, ondoka.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini baridi haifichi ugonjwa. Moshi wa buluu ni oili inaungua, isipokuwa kwa tustroki, yaani injini ya mipigo miwili, kama Yamaha DT ya zamani, ambayo huchoma oili kwa maumbile yake. Namba za fremu na injini zilingane na logibuku, yaani hati ya umiliki, na umiliki uhamishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya. Tafadhali bakisha pesa za cheni, tairi na breki.