Kabla Hujainua Pikapu, Pima Tumbo Lake

Msomaji mmoja ameandika kwamba pikapu yake ya kebini mbili ikiwa tupu inarusha nyuma kama mkokoteni, na akiingia porini tumbo linakaa juu ya kila tuta. Fundi amemwambia aongeze bamba moja la springi nyuma na ainue gari inchi 4. Usifanye, ndugu yangu. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na dawa uliyoandikiwa inazidisha lile la kwanza.

Tuanze na tumbo. Wilibesi ni umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Toyota Hilux ya kebini mbili ina milimita 3085, Suzuki Jimny ya milango 3 ina 2250. Tuseme zote mbili zina uwazi wa milimita 220 chini ya tumbo. Gawa uwazi kwa nusu ya wilibesi, tafuta pembe ya jibu hilo kwenye kikokotoo (kitufe cha tan⁻¹), kisha zidisha kwa 2. Hiyo ndiyo pembe ya tuta kali zaidi ambalo gari linalivuka bila tumbo kugusa. Jimny inapata kama nyuzi 22, Hilux kama 16. Ili Hilux ifikie 22, tumbo lake linapaswa kuwa milimita 300 kutoka ardhini, yaani uiinue milimita 80 zaidi ili tu kulipata gari dogo ambalo halijaguswa.

Milimita 80 hizo huzipati bure. Mbele pikapu nyingi zina ami (mikono ya chuma inayoshikilia gurudumu) za juu na chini, kila gurudumu likicheza peke yake. Ukiweka springi ndefu, mwendo wa gurudumu wa kupanda na kushuka hauongezeki. Unahamisha tu mahali linapopumzikia. Unachokipata kwenda juu umekipunguza kwenye kushuka, na gurudumu lisiposhuka shimoni halina cha kushika. Jointi za ekseli za mbele zinakaa kwenye pembe kali, raba zake zinapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia. Alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, nayo inahama, tairi zinaliwa upande mmoja. Milimita 40 hadi 50 ndio mpaka wa busara kwa suspensheni ya namna hii, na alaimenti ifanywe siku hiyohiyo. Ekseli nzima ya nyuma haiinuki hata ukiweka springi za futi moja: difu, lile tufe la gia kwenye ekseli, inabaki palepale ilipokuwa. Kinachoiinua ni tairi kubwa tu, na tairi iliyoongezeka milimita 50 kwa kipenyo inakupa 25 chini ya difu.

Kwa tuta fupi, dawa ya bei nafuu ni kulivuka kwa mshazari, gurudumu moja moja, ili ekseli mbili zisiwe pande zote za kilele kwa wakati mmoja. Kwenye mteremko mkali usithubutu. Hapo ni moja kwa moja, ama sivyo gari linalala ubavu.

Usiilaani wilibesi ndefu, hata hivyo. Kwenye mlima mkali uzito haukimbilii nyuma kwa wingi, na pua haitaki kuinuka. Barabarani, kwa kilomita 80 kwa saa, gurudumu la nyuma la Hilux hugonga tuta sekunde 0.14 baada ya la mbele. La Jimny ni 0.10. Gari refu linainama na kuinuka kwa pembe ndogo zaidi, ndiyo maana shingo haichoki haraka.

Sasa huko nyuma kunakorusha. Springi za mabamba za pikapu zimetengenezwa kubeba karibu tani moja. Gari likiwa tupu, springi ngumu inabeba bodi jepesi, kwa hiyo haina sababu ya kupinda. Juu ya hapo, mabamba yanasuguana. Kijiwe kidogo hakina nguvu ya kuushinda msuguano, hivyo kinapita moja kwa moja hadi kwenye kiti. Ukiongeza bamba, umeongeza ugumu na msuguano pamoja. Porini gurudumu la nyuma litaning'inia hewani, na kama difu haina loku ya kuzungusha magurudumu yote mawili pamoja, hilo la hewani ndilo litakalozunguka.

Kabla ya kununua chochote, fungua mlango usome kibandiko cha upepo. Pikapu nyingi zina namba mbili kwa tairi za nyuma, ya tupu na ya mzigo, na wengi wanatembea tupu na upepo wa mzigo mwaka mzima. Rudisha ya tupu. Kisha chungulia ncha za mabamba: vile vipande vya plastiki vinavyokaa kati ya bamba na bamba vikiisha, chuma kinasaga chuma na utasikia mlio wa kitanda kibovu. Weka vipande vipya, na bushi (raba za kwenye maungio ya springi) pia ziwe mpya. Mchangani shusha upepo hadi psi 15 hadi 18, endesha polepole, na ujaze tena ukirudi lami.

Mabamba ndiyo springi na ndiyo yanayoishikilia ekseli. Ukikanyaga mafuta mlimani, yanapinda kama herufi S, yanaachia, yanapinda tena, na ekseli inarukaruka hadi jointi ya propela inakatika. Vile vitalu vya chuma vinavyowekwa kati ya ekseli na springi ili kuinua gari vinarefusha wenzo na kuzidisha hali hiyo. Nissan Navara ya D23 katika masoko mengi ina springi za koili (za kuzunguka) nyuma badala ya mabamba, na fito tano za kushikilia ekseli. Inatembea kwa ulaini ikiwa tupu, lakini ina bushi nyingi zaidi za kuangalia.

Mzigo je? Kilo 200 zilizowekwa mita 1 nyuma ya ekseli zinaiondolea ekseli ya mbele kilo 65 na kuipa ya nyuma 265. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika miti. Wengi hapo hununua mifuko ya hewa. Mfuko unasukuma chasisi sehemu moja, katikati ya ncha mbili za springi, na mzigo ukiwa mkiani chasisi inaweza kupinda nyuma ya kebini. Sogeza vitu vizito mbele ya ekseli kwanza. Kama mzigo ni wa kudumu, tafuta springi iliyopimiwa kilo hizo.

Ukibadilisha springi, yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) ziwe mpya, kwani za zamani zimeshavutika. Bolti zinazopita kwenye bushi zisikazwe gari likiwa juu ya jeki: raba itakuwa imejisokota muda wote, na itachanika mapema. Shusha gari, litikise mara mbili tatu, ndipo ukaze kwa spana ya torki, na urudie kukagua yubolti baada ya kilomita 500.