Msiifute namba ya ajabu

Vijana wa zamu, nimepekua daftari nikakuta usomaji wa upepo umekatwa kwa kalamu, pembeni pameandikwa "kifaa kibovu". Nani alikwenda kukikagua? Hakuna. Haya, kaeni tuongee.

1. Hali ya hewa ya ajabu huja ikifanana na hitilafu ya kifaa. Hili lilinitia aibu. Zamu ya usiku, wingu la radi limejifia, mvua imekatika, nami nimenyoosha miguu. Ghafla kipimajoto kikapanda kutoka nyuzi 24 hadi 33, saa nane usiku! Unyevu ukaporomoka, upepo ukavuma kwa fujo. Badala ya kutoka nje niisikie hewa usoni, nikaamua kipimajoto kimekufa, nikaandika 24 kwa mwandiko mzuri kabisa. Asubuhi mkuu wa zamu akaitandaza mezani karatasi ya barografu, kifaa kinachochora mgandamizo wa hewa kwa wino, kidole kwenye kishimo ambacho wino ulichora saa ileile. Nilidanganya daftari, nikasahau kudanganya barografu. Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Nilikuwa nimefuta mlipuko wa joto: matone ya wingu linalokufa hugeuka mvuke huko juu, hewa inapoa, inakuwa nzito, inaporomoka. Maji yakishaisha hakuna cha kuipoza tena. Inabanwa na kupata takriban nyuzi 10 kwa kila kilomita inayoshuka, ikatua kavu na ya moto.

2. Andika kwanza, shaka yako iweke safu ya maelezo. Tarehe 10 Aprili 1996, kimbunga Olivia kikipita Barrow Island, Australia, anemometa, kile kipimaupepo, ilisoma kilomita 408 kwa saa. Watu waliguna. Shirika la Hali ya Hewa Duniani likaja kuitambua kuwa rekodi mwaka 2010. Sasa mngekuwa zamu ninyi na kalamu zenu!

3. Mvua ya mawe: pimeni kipenyo papo hapo, picha na rula. Jiwe lililoanguka mji wa Vivian, Marekani, mwaka 2010, lilipimwa kipenyo cha sentimita 20 likiwa limeshapungua, maana umeme ulikatika na friza ikazima.

4. Ngurumo ikisikika, ndani. Subirini dakika 30 baada ya ile ya mwisho ndipo mwende kwenye kipimamvua. Kinajaa chenyewe, hakihitaji mtu wa kukishika mkono.